Kabureta Mbili na Sahihi ya Mwalimu

Nimeacha kazi kwa sababu ya magoti. Si macho, si masikio, si mikono. Magoti tu. Yale magari madogo ya Kiingereza ya viti viwili, yenye paa la turubai, yaliundwa na watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba fundi naye huzeeka. Ukitaka kufikia sanduku la gia ni lazima ulale chini kabisa, na siku hizi nikilala chini huniinua watu wawili. Kwa hivyo nimefunga ghala langu hapa Kibugu, nikawaambia wenye magari watafute mtu mwingine. Nyinyi vijana mnaofanya kazi hii Embu na Meru mmeniomba niandike niliyoyapitia. Haya, naandika. Lakini msidhani mtasoma maneno matamu ya bibi anayeota jua. Nina hasira, na hasira yenyewe si ya jana.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Timau, kule Meru. Baba alikuwa mkamuaji kwenye shamba la mzungu mmoja ambaye, miaka michache baada ya uhuru, alikuwa bado anangoja mtu wa kumwuzia ardhi. Mzungu huyo alikuwa na magari mawili ya viti viwili, na fundi wake alikuwa Mzee M'Ikiara. Mzee alijifunza ufundi kwenye malori ya jeshi wakati wa vita. Vita vikamwachia vitu viwili: mikono ya dhahabu na uziwi. Sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto lilikuwa njiani.

Sasa, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maisha yangu yalipogeukia. Injini ya gari la kawaida la enzi hizo ilikuwa na kabureta moja ya kuchanganya hewa na petroli. Haya magari ya mbio yana kabureta mbili, na ni lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo gari linakohoa na kutapatapa. Hakukuwa na kipimo cha umeme wala kompyuta. Unachukua kipande cha mpira wa kunyweshea bustani, ncha moja unaitia sikioni, nyingine unaiweka kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo. Kisha unahamia ya pili. Ukisikia tofauti, unageuza skrubu mpaka zote zitoe sauti moja. Sasa niambieni, fundi kiziwi atafanyaje?

Mzee M'Ikiara alijaribu wanaume wawili wamsikilizie. Wote walikuwa na ugonjwa mmoja: kila alipowauliza, walijibu, "Iko sawa, mzee." Haikuwa sawa. Basi Jumapili moja alimwendea mwalimu wetu wa kwaya, akamwuliza ni nani kati ya waimbaji hawezi kuvumilia mwenzake akipotea sauti. Mwalimu wa kwaya hakufikiri mara mbili. Alininyoshea kidole mimi, kwa sababu kila mtu akiteleza uso wangu ulikuwa unakunjamana kama niliyetafuna ndimu, na wazazi wa watoto walikuwa wamelalamika.

"Wewe ndiye Gacheri?" akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyejisikia.

"Ndio, mzee."

"Unaogopa grisi?"

"Sijawahi kuigusa."

"Basi bado hujui kuiogopa. Kuja kesho."

Mama alilia. Akamfuata Mzee hadi gereji, akamwambia msichana hawezi kulala chini ya gari, na nani atamwoa. Mzee akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, akamwambia, "Asante sana, mama, hata mimi nimefurahi." Hakuwa amesikia hata neno moja. Uziwi una faida zake, na siku ile faida iliniangukia mimi.

Siku ya kwanza niliosha boliti. Ya pili niliosha boliti. Ya tatu nikatiwa mpira sikioni, nikaambiwa niseme ninachosikia. Nikasema ya mbele inaimba chini kidogo, ya nyuma inalia juu. Mzee akageuza skrubu, akaniangalia uso. Hakuuliza tena "iko sawa?" Alikuwa anatazama tu uso wangu kama unakunjamana. Ulipotulia, akaiacha. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote ile: yeye mikono, mimi masikio, mpaka polepole mikono nayo ikawa yangu.

Alinifundisha mambo ambayo nyinyi mnayapuuza na ndiyo maana mnaniudhi. Magari haya hupimwa kwa inchi. Ukileta spana ya milimita utaivuruga nati, kisha utakuja kwangu ukisema nati ilikuwa mbovu. Nati haikuwa mbovu, wewe ndiwe mbovu. Kile kikombe kilicho juu ya kabureta hutiwa mafuta mepesi, si mafuta ya gia ati kwa sababu "ni mazito yatakaa". Na mengine ya zamani yamefungwa waya kinyume: upande wa chanya wa betri ndio unaoshikana na bodi. Nimeona redio mpya tatu zikitoa moshi kwa sababu jogoo mmoja alijua kuliko gari.

Lakini somo kubwa kuliko yote lilikuwa la mlima. Timau ni juu, hewa ni nyepesi, kwa hivyo petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, na gari linatoa moshi mweusi. Chini ya kabureta kuna nati ya pande sita. Ukiipandisha, petroli inapungua. Ukiishusha, inaongezeka. Siku moja Mzee alinipakia tukateremka hadi Isiolo kwenye joto. Kila tuliposhuka kiasi alisimama, akainama, akaishusha nati upande mmoja, tukaendelea. Nikamwuliza kwa kelele kwa nini anasumbuka hivyo. Akasema, "Huku chini hewa ni nzito. Ukiacha petroli ya Timau, injini itakuwa na njaa, ipate homa, itoboke. Gari ya juu si gari ya chini." Hakuna kitabu kilichoniambia hivyo kwa ufupi zaidi.

Niliolewa na Mwalimu Njeru, mtu wa Kibugu, aliyekuwa amepelekwa kufundisha upande wa kwetu. Pikipiki yake ilizimika mbele ya kanisa, nikatoa plagi, nikaipangusa kwa leso yake nyeupe, ikawaka. Nadhani alinioa ili apate fidia ya ile leso. Alikuwa mpole, msomaji, mtu wa kalamu, na kuhusu magari alijua usukani tu. Mzee M'Ikiara hakuleta blanketi wala sufuria kwenye harusi. Alileta gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na seti nzima ya spana za inchi. Tulipofika Kibugu, mama mkwe akalifungua, akachungulia, akauliza kama huko Meru ndivyo vyombo vya kupikia.

Nilikaa zaidi ya mwaka nikichuma chai kwenye ukungu, na zile spana chini ya kitanda. Kisha daktari mmoja wa misheni akarudi kwao, akaliacha gari lake la viti viwili kwa Bwana Ireri, mganga wa zahanati. Gari likaanza kukohoa. Ireri akasikia kwamba nyumbani kwa Mwalimu kuna spana za magari hayo, akaja. Mwalimu alikuwa amesimama uani na kikombe cha chai. Akamwambia ukweli, tena waziwazi: "Mimi sijui. Mke wangu ndiye fundi."

Ireri akacheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. "Mwalimu, wacha mchezo! Sema kama hutaki kunisaidia."

Mwalimu akanitazama. Nilikuwa mlangoni, nimeshika birika. Na hapa ni lazima niseme ukweli, kwa sababu nikiwakasirikia wengine nijikasirikie na mimi: nilimkonyeza. Nilimkonyeza akubali! Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa sijagusa injini, na ile ilikuwa inakohoa kabureta ya nyuma mbele ya macho yangu. Njaa ya kazi si mchezo. Mwalimu akamwambia Ireri, "Basi liache, nitaangalia." Ni maneno matatu, lakini yamenigharimu maisha.

Tangu siku hiyo mambo yakawa ya kuchekesha kama si ya kukasirisha. Mwenye gari anakuja, anampa Mwalimu funguo, anamweleza. Mwalimu anaingia jikoni: "Anasema inakohoa."

"Ikiwa baridi ama ikiwa moto?"

Anatoka, anauliza, anarudi. "Ikiwa moto."

"Akipanda ama akishuka?"

Anatoka tena. Nilimmalizia Mwalimu viatu. Mwenye gari akishaondoka, naingia ghalani, namwaga mahindi pembeni, nafanya kazi. Kila gari nililifungulia daftari la shule. Humo niliandika nilichokuta, nilichofanya, na nati imekaa wapi. Mwandiko ni wangu, kila herufi. Chini, Mwalimu anatia sahihi, kwa sababu daftari liliondoka na gari, na mwenye gari alitaka kuona jina la fundi.

Na sifa? Ebo! Kwenye harambee walimsimamisha: "Mwalimu Njeru, mkono wa dhahabu!" Mimi niko kwenye sufuria ya githeri, napakua. Yeye anatazama viatu. Nyumbani, akiniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, ananiambia, "Mama Muthoni, nasikia aibu." Nikamjibu aibu yake inakula nyama mezani na yangu inachochea kuni nje. Nilikuwa na mdomo, sikatai. Lakini sikuacha. Nilitengeneza gari moja la Siakago lililoliwa na mchwa. Ndiyo, mchwa! Sakafu yake ilikuwa ya mbao, na mwenyewe aliliegesha kwenye mchanga wa Mbeere msimu mzima. Nikachonga sakafu mpya kwa mbao ya muuru, nzito kama dhambi, na mpaka leo ndiyo sehemu pekee ya gari hilo isiyooza. Daftari lake linasema: Njeru.

Sasa tuje kwa Mugendi. Mugendi alikuwa mkandarasi wa kupeleka kokoto wakati bwawa la Kiambere likijengwa. Alikuwa na gari jekundu la viti viwili, na alimwambia Mwalimu ni la kanisani na harusini tu, hapahapa juu. Nikalirekebisha kwa hewa ya Kibugu. Lakini mimi huwajua wanaume na magari mekundu. Nikaandika daftarini: likishuka Kiambere, nati zote mbili zishushwe pande mbili. Nikamwambia Mwalimu amwambie kwa mdomo pia. Akamwambia, lakini alisema kama mtu anayesoma tangazo asilolielewa. Mugendi akauliza, "Kwa nini?" Mwalimu akajibu, "Ni vizuri tu." Ni vizuri tu! Nani atafungua boneti kwa sababu ya "ni vizuri tu"?

Wiki mbili baadaye gari lilirudi juu ya lori. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Mugendi akashuka akiwaka moto, akamkabili Mwalimu uani: amemwulia gari, aeleze. Nilikuwa ghalani. Nikaona jinsi anavyonyanyaswa kwa kosa letu sote watatu, nikashindwa. Nikatoka na grisi mpaka kwenye viwiko.

"Alikwambia ushushe nati ukienda Kiambere. Hukushusha. Huko chini hewa ni nzito, petroli ikawa kidogo, ikaungua. Ni hayo tu."

Akanitazama mikono. Akamtazama Mwalimu mikono, safi kama ya mchungaji. Ndipo akaelewa, na badala ya kusikia aibu akapata nguvu mpya.

"Kumbe! Kumbe gari yangu ilikuwa inashikwa na mwanamke? Ndio maana iliungua!"

Hebu nisaidieni hesabu hiyo. Siku zote gari lake lilipokwenda vizuri lilikuwa mkono wa Mwalimu. Siku moja limeungua kwa ukaidi wake mwenyewe, ni mkono wa mwanamke. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanipanda.

Mugendi alikwenda kwa Mzee Namu, mzee wa kanisa letu, akamleta nyumbani kuamua. Walikaa, wakanywa chai yangu. Mzee Namu, mtu wa haki lakini wa zamani, akasema neno lake: "Amani ni kitu kizuri. Mama Muthoni arudi kwa majani ya chai. Mwalimu atengeneze hiyo gari mwenyewe. Tumemaliza."

Mwalimu akasimama. Nilidhani atakubali tu ili waende. Akasema, "Mzee, siwezi. Sijui hata mahali pa kutia oili. Kazi yote ya hapa ni yake, tangu gari ya kwanza."

Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi. Na mnajua walivyomjibu? Mugendi akapiga paja, akasema, "Unaona, mzee? Mwalimu amekaliwa! Anaogopa bibi mpaka anakana kazi yake mwenyewe." Mtu anakiri ukweli wa Mungu mbele ya mzee wa kanisa, na bado unageuzwa uwe uongo, kwa sababu tu ukweli wenyewe umevaa kitambaa cha kichwa.

Nikaweka birika chini. "Mzee, nipe mwezi mmoja. Nitafungua injini, nitaweka pistoni, nitaifunga. Kisha nitaiendesha mwenyewe kutoka hapa hadi Kiambere. Ikiungua, nafunga ghala, na hamtaniona tena na spana."

"Na isipoungua?" akauliza Mzee Namu.

"Mtaniacha nifanye kazi yangu uani, mchana, watu wakiona."

Mzee akafikiri, akakubali. Mugendi akakubali haraka mno, kwa sababu alishaona ghala limefungwa.

Pistoni niliipata Nairobi. Gasketi moja nilikata mwenyewe kwa karatasi ngumu, kwa wembe, nikaipaka oili. Nilipima kila kitu mara mbili, na msisahau nilikuwa na chai ya kuchuma na watoto wawili. Siku ya safari likaja tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria: gari lina viti viwili. Mugendi alitaka kukaa nami ahakikishe. Mzee Namu akashtuka. Mke wa mtu, kwenye gari lisilo na paa, na mwanamume mwingine, katikati ya mji wa Embu? Haiwezekani! Mwisho akasema ataingia yeye mwenyewe. Mugendi na Mwalimu wakatufuata kwa pikapu.

Sijasahau sura ya yule mzee. Alishika kofia kwa mikono miwili tangu Kibugu. Nje kidogo ya Embu nikasimama, nikafungua boneti, nikashusha nati.

"Imeharibika?" akauliza, na nadhani alikuwa na matumaini kidogo.

"Hapana, mzee. Tunashuka."

Tulipokaribia Kiritiri jua lilikuwa limeanza kuuma. Hapo niliamua kutosimama mara moja. Nikapita mahali pa kushusha nati, nikakanyaga mafuta kwenye mwinuko mfupi, injini ikaanza kugonga kwa ndani, ka-ka-ka, kama mawe kwenye kopo. Mzee akageuka.

"Ni nini hiyo?"

"Hiyo ndiyo iliyotoboa pistoni. Mugendi aliiendesha hivyo mpaka Kiambere."

Nikasimama. Safari hii mzee alishuka, akainama kando yangu na suti yake ya kanisani. Nikamwonyesha nati, nikaigeuza upande mmoja, kisha ile nyingine. Nikampa mpira asikilize kabureta ya mbele, kisha ya nyuma. Akasikiliza muda mrefu, uso umetulia. Tukaondoka, nikakanyaga tena kwenye mwinuko mwingine, injini ikavuta bila kugonga hata mara moja.

"Ile mawe imeenda wapi?" akauliza.

"Nimeitoa, mzee."

Aliachilia kofia, akaiweka mapajani.

Tulifika Kiambere mchana, mshale wa joto uko katikati. Wafanyakazi wa Mugendi wakakusanyika. Mugendi akashuka kwenye pikapu, akalizunguka gari, akagusa boneti, akasikiliza. Hakupata kosa. Basi akawageukia watu wake, akasema kwa sauti ya tajiri mwenye huruma, "Kusema kweli, Mwalimu amejaribu."

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Namu akasema, "Mwalimu gani? Mimi nimekaa kwa hiyo gari tangu asubuhi. Sijaona mwalimu ndani."

Wafanyakazi wakacheka. Mugendi akaenda kununua soda, na hakuomba msamaha. Alikufa bila kuuomba, Mungu amrehemu, na mimi nilitengeneza gari lake mpaka mwisho kwa sababu gari lenyewe halikuwa na kosa.

Kwa hivyo nilishinda, sivyo? Nilifanya kazi uani, mchana, watu wakiona. Watu wa Nchiru na Meru mjini walileta magari yao hadi hapa. Mwalimu aliniletea kalamu mpya, akaniambia, "Kuanzia leo utie sahihi wewe." Nikatia kwenye madaftari matatu: Gacheri. Wenye magari wote watatu wakarudi, kila mmoja kwa wakati wake, na maneno yaleyale: "Mama, kazi ni safi, hatuna neno. Lakini nikija kuuza gari, jina la Mwalimu litakuwa sawa zaidi." Walikuwa wameniona kwa macho yao nikilala chini ya magari hayo! Mwalimu alikataa kutia sahihi. Wakatishia kuondoka. Mwishowe mimi ndiye niliyemsukumia kalamu, kwa hasira, nikamwambia, "Andika, tule." Akaandika. Tulinuniana siku tatu, na lawama haikuwa yake.

Mwalimu alitutoka mwaka juzi. Karibu na mwisho aliniambia, "Nimekuwa fundi mashuhuri bila kuchafua shati." Tukacheka, kisha akalia. Nikamwambia anyamaze, ni mambo ya zamani. Nilimdanganya.

Mwezi uliopita, nilipokuwa nimeshatangaza kwamba nimestaafu, alikuja kijana nadhifu kutoka Nairobi na wenzake watatu, kwa magari mawili, na kamera. Wao ni wapenzi wa magari ya kale. Alikuwa amelinunua lile jekundu kwa watoto wa Mugendi, na ndani yake akakuta daftari. Alilishika likiwa ndani ya mfuko wa plastiki kama Biblia ya kwanza. "Mama, hii ni hazina! Hakuna fundi Afrika Mashariki aliyeandika marekebisho ya kabureta kwa miinuko namna hii. Tumekuja kumpa heshima Mwalimu Njeru." Wakaomba kuonyeshwa kaburi. Wakaweka maua. Walikuwa na kibao cha shaba cha kubandika kwenye gari, chenye jina lake. Nikawapikia chai. Nilifanya hivyo, mtanisamehe, ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Na alikuwa mume wangu, na maua yalikuwa mazuri. Nikanyamaza.

Kisha wakawasha lile jekundu waondoke. Kabureta ya nyuma ilikuwa inalia juu.

Nilisimama na trei mikononi, na uso wangu ukakunjamana wenyewe. Nikajaribu kuingia ndani nisisikie. Siwezi. "Zima kwanza," nikasema. "Mnaenda wapi na gari hilo?"

"Kiambere, Mama. Tunataka picha kwenye bwawa."

Mungu wangu, Kiambere! Nikaweka trei kwenye nyasi. Nikakata kipande cha mpira wa bustani, nikapiga magoti, na jinsi yalivyoniuma najua mwenyewe. Nikasikiliza ya mbele, nikasikiliza ya nyuma, nikageuza skrubu mpaka zikaimba pamoja. Nikashusha nati zote mbili pande mbili. Wale vijana walisimama midomo wazi, kamera imesahauliwa. Wawili wakaniinua. Na yule nadhifu, macho yamemjaa machozi ya furaha, akanishika mkono wenye grisi kwa mikono yake miwili.

"Mama," akasema, "kumbe Mwalimu alikufundisha vizuri hivi!"

Wenzake wakapiga makofi.

Nikamwomba daftari. Akanipa kwa heshima, akidhani nataka kulibusu. Nikamwomba na kalamu. Nikafungua ukurasa wa kwanza, na chini ya sahihi ya mume wangu nikaandika, kwa mwandiko uleule ulioujaza ukurasa mzima: Gacheri. Nikafungua wa pili: Gacheri. Nikafungua wa tatu.

"Mama! Mama, tafadhali! Unaharibu historia!"

Nikamwambia alishike daftari kwa mikono miwili, lisicheze, maana kurasa zilikuwa bado nyingi.